Machozi Si Ushahidi: Daktari wa Akili Mbele ya Mahakama



Waandaaji wa mkutano huu waliniomba nieleze kazi ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili anayeitumikia mahakama, hasa katika kesi za waliofiwa na walionusurika mambo ya kutisha. Nitaieleza. Ila nina hoja moja ambayo ningependa muondoke nayo hata mkisahau mengine yote. Mahakamani, kama mitaani, wafiwa tunawapima kwa macho. Anayelia tunamwamini. Asiyelia tunamshuku. Anayelia kupita kiasi tunanong'ona kwamba anaigiza. Kipimo hicho hakifai, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kumpa jaji kingine.

Swali ni la mahakama

Hospitalini mgonjwa huja na swali lake: nifanyeje nipone? Kwangu swali hutangulia kwa hati ya mahakama au barua ya wakili, na mtu hufuata baadaye. Maswali yenyewe si mengi. La kwanza linahusu leo: mshtakiwa huyu anaelewa mashtaka yake, na anaweza kumwelekeza wakili wake na kufuatilia kesi? La pili linahusu siku ya tukio: akili yake ilikuwa katika hali gani alipotenda? La tatu ni la kesi za madai: huyu aliyefiwa au kunusurika ameumia akilini kiasi gani, chanzo ni tukio hili au kingine, na ataendelea kuumia hadi lini? La nne huja wakati wa adhabu, mahakama ikitaka kujua aliyoyapitia mshtakiwa kabla ya siku hiyo.

Swali la pili lina historia ndefu. Mwaka 1843 jijini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, inavyoaminika kwa kudhani kuwa ndiye Peel mwenyewe. Alikuwa na hakika kwamba chama tawala kilikuwa kikimwandama. Alipoonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, watu walighadhibika, na majaji wakatakiwa kuliandikia Bunge la Mabwana kanuni zilizo wazi. Kanuni hizo zilisafiri na dola ya Uingereza, zikafika kwetu. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinauliza kama ugonjwa ulimzuia mtu kuelewa analofanya au kujua kwamba hakupaswa kulifanya. Kifungu cha 13 cha Tanzania kinaongeza jambo ambalo Kenya haina: kama ugonjwa ulimwondolea mtu uwezo wa kulizuia tendo lake.

Upande wa Tanzania, mshtakiwa ambaye akili yake inatiliwa shaka hupelekwa Isanga, Dodoma, kituo chenye ulinzi kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe, na sheria inampa daktari siku 42 za kuandika taarifa yake. Kenya wengi hupitia Mathari, hospitali iliyoanza mwaka 1910 na yenye kitengo cha ulinzi mkali. Mshtakiwa wa mauaji Kenya kwa kawaida hupimwa akili kabla hata ya kuulizwa kama anakubali au anakana.

Hapa niwaondolee dhana moja. Majonzi peke yake si wazimu kisheria, na kiwewe peke yake ni nadra kumtoa mtu hatiani. Aliyefiwa na mtoto kisha akamshambulia dereva aliyemgonga mtoto huyo, mara nyingi anajua anachofanya. Taarifa yangu inaweza kumsaidia wakati wa adhabu, lakini haitafuta kosa. Sheria zetu zimeweka mlango wa pekee mahali pamoja: mama anayemuua mtoto wake aliye chini ya miezi 12 huku akili yake ikiwa imevurugwa na athari za uzazi au unyonyeshaji. Kenya ni kifungu cha 210, Tanzania ni cha 199. Kwingineko daktari anayeleta huzuni mahakamani kama msamaha wa jumla atarudi mikono mitupu, na anastahili.

Ndani ya chumba cha uchunguzi

Maneno yangu ya kwanza ni yale yale kwa kila mtu. "Mama, mimi ni daktari, lakini leo si daktari wako. Utakayoniambia naweza kuyaandika, na jaji atayasoma, na mawakili wa pande zote mbili watayasoma. Swali usilotaka kulijibu, liache." Wengine hutazama mlango. Wengine husema sawa, na baada ya nusu saa wamesahau, kwa sababu mtu anayesikiliza bila haraka huonekana kama anayetibu. Wakifika hapo nasimama, naweka kalamu chini, nawakumbusha tena. Kumfungua mtu moyo kwa upole kisha kuutumia upole huo dhidi yake ni hila, hata kama kila sentensi iliyoandikwa ni ya kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo sichunguzi mtu ninayemtibu, wala simtibu niliyemchunguza. Mganga humwamini mgonjwa wake ili aweze kumponya. Mchunguzi anatakiwa kuwa tayari kutomwamini. Akijaribu kuwa vyote viwili, mgonjwa hapati tiba na mahakama haipati ukweli.

Kisha yanakuja maswali. Siulizi, "Unaota ndoto za kutisha?" kwa sababu swali hilo limeshabeba jibu lake. Nauliza, "Usiku unakuwaje?" Mtu akijibu, "Nalala, daktari, ila nasikia geti," nalifuata geti hilo: ni la nyumba ipi, linasikika saa ngapi, akilisikia anafanya nini, nani mwingine nyumbani huamka. Mtu anayebuni maradhi kwa kawaida huja na orodha nzima na huitaja upesi. Aliyeumia kweli mara nyingi huficha, tena huficha yale yale ambayo yangemsaidia kesini, kwa kuwa anayaonea aibu. Lakini hata hilo si kanuni. Kuna aliyeumia kweli akajifunza kutaja dalili zake kwa mpangilio, kwa sababu amesimulia polisi, kliniki, ustawi wa jamii na kwa wakili. Ndiyo maana siishii kwa aliye mbele yangu. Nazungumza na jirani, mwalimu, mwajiri, mwenye duka anayemkopesha. Nasoma kadi za kliniki. Nasoma PF3 ya Tanzania au P3 ya Kenya, fomu za polisi za uchunguzi wa daktari, nikijua kwamba fomu hizo zimezoea majeraha yanayoonekana mwilini, na huenda mtu aliyeacha kuongea kabisa akaandikiwa hapo kwamba hana jeraha.

Niruhusuni mfano. Mama ninayemweleza nimemuunda kutokana na wengi, kwa hiyo msimtafute. Mumewe amekufa kwenye ajali ya gari la kampuni. Wakili wa kampuni anasimama mahakamani na daftari la rambirambi mkononi. Limeandikwa na mjane mwenyewe: jina la mtoaji, kiasi, nani kaleta mchele, nani kaleta maturubai, jumla chini ya kila ukurasa, na hakuna iliyokosewa. "Mheshimiwa Jaji," wakili anasema, "huyu ndiye tunayeambiwa alivurugika akili?" Hoja inavutia. Mimi nililisoma daftari lile lile hadi nyuma ya kurasa za mazishi, mahali wakili hakufika. Mjane alikuwa akilitumia kwa hesabu za genge lake. Kabla ya msiba kulikuwa na hesabu ya kila siku. Baada ya kuanua matanga kuna kurasa zenye tarehe bila hesabu, kisha kurasa zenye mauzo bila jumla, kisha mwandiko wa binti yake wa darasa la saba. Watu walipokuwa wamejaa uani, mama huyu alikuwa na kazi, na kazi ilimshikilia. Walipotawanyika ndipo alipoanguka. Alipoulizwa kwa nini hakulia makaburini, alisema, "Nani angelipa maturubai?"

Msiba una kalenda yake

Tunao msemo: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Ni msemo wa adabu, unaowaelekeza majirani wasiufanye msiba wa mwenzao kuwa wao. Tatizo ni pale tunapougeuza kuwa mtihani, tukamkodolea mfiwa macho tukisubiri aanze. Wapo ambao hawaanzi. Mwili wa mtu aliyeshtuka unaweza kuganda: sauti inakuwa bapa, macho makavu, mtu anajibu maswali kama anayesoma risiti. Familia husema ana moyo mgumu, na polisi huandika "hakuonyesha huzuni". Maneno hayo yakiingia kwenye jalada, hutembea nalo hadi siku ya hukumu.

Je, majonzi yanakuwa maradhi lini? Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeyatambua majonzi ya muda mrefu kuwa maradhi kamili. Sharti ni kwamba yapite walau miezi 6, yamtese mtu na kumzuia asiweze kuishi maisha yake. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilifanya hivyo mwaka huo huo, lakini kikadai miezi 12 kwa mtu mzima. Orodha zote mbili zinaongeza sharti ambalo mawakili hulipita haraka: majonzi hayo yawe yamezidi yale yanayotarajiwa katika mila na dini ya mfiwa.

Sharti hilo linalileta jambo nyumbani kwetu. Matanga yana siku zake. Kuna hitima, kuna arubaini, kuna misa ya kumbukumbu ya mwaka. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10. Mjane aliyejitenga katika miezi hiyo haugui kitu, anatii dini yake, na daktari asiyejua hilo ataandika upuuzi kwa Kiingereza kizuri. Lakini mjane yule yule akiwa, mwaka mmoja na nusu baadaye, bado anapakua sahani ya marehemu, hawezi kupita njia ya sokoni kwa kuwa ndiyo njia ya jeneza, na mashoga zake wa eda wenyewe wamemshtukia, hapo nina la kumwambia jaji. Mashahidi wangu wazuri wa mila si vitabu. Ni wanawake wa mtaani waliokaa naye tangani.

Bonde la Buffalo Creek

Kwamba jeraha la aina hii linaweza kudaiwa fidia ni jambo lililopiganiwa. Asubuhi ya Februari 26, 1972, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, bwawa la taka za makaa ya mawe lilipasuka juu ya bonde la Buffalo Creek. Maji meusi yalifagia vijiji vya wachimbaji kimoja baada ya kingine. Watu 125 walikufa, na wapatao 4,000 wakabaki bila makazi. Kampuni yenye mgodi ilikuwa chini ya kampuni ya Pittston, na upande wake ulisema ni kazi ya Mungu.

Zaidi ya manusura 600 walifungua kesi, na katika madai yao waliweka jeraha la akili. Timu ya madaktari na wanasaikolojia iliwachunguza mmoja mmoja, watoto kwa wazee, na upande wa utetezi nao ukaleta daktari wake. Wachunguzi waliwakuta watu wasioweza kulala mvua ikinyesha, na watu walioona haya kuwa hai. Wakati huo maradhi ya msongo baada ya kiwewe hayakuwa na jina rasmi. Jina liliingia kwenye orodha ya Marekani mwaka 1980. Madaktari walilazimika kueleza walichokiona bila kuwa na neno la kukifunika, na pengine ndiyo sababu walieleza vizuri hivyo.

Swali gumu lilikuwa la wale ambao siku hiyo hawakuwepo bondeni. Walirudi wakakuta mtaa umeondoka na waliowapenda. Hawakuguswa na tone la maji. Je, nao wana dai? Jaji aliwaruhusu waendelee. Mwaka 1974 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 13.5, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwa majeraha ya akili. Mwanasosholojia Kai Erikson, aliyeitwa na mawakili wa manusura, aliongeza jambo ambalo sisi wa huku tungelielewa bila kufundishwa: jirani alikuwa sehemu ya afya ya mtu, na kijiji kikifa, waliobaki hai huugua hata kama nyumba yao ilisimama.

Shakahola

Sasa turudi nyumbani. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, makaburi yalifukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa, wengi wao ikielezwa kuwa walifunga hadi kufa. Januari 2024, kabla ya mashtaka ya mauaji kusomwa, mahakama ya Malindi iliagiza mhubiri Paul Mackenzie na wenzake wapimwe akili. Mwezi uliofuata walisomewa mashtaka ya mauaji ya watoto 191, wakakana. Mshtakiwa mmoja alionekana hafai kushtakiwa kwa hali aliyokuwa nayo wakati huo. Hilo ndilo swali la kwanza katika yale manne, na halina uhusiano wowote na kama mtu ni mwema au mwovu.

Lakini nataka mtazame upande mwingine wa ua. Miili ya kwanza ilianza kukabidhiwa kwa familia Machi 2024, baada ya vipimo vya vinasaba. Kwa karibu mwaka mzima kuna watu waliotoa mate kwenye kijiti cha pamba kisha wakaketi kusubiri. Huwezi kuweka matanga bila maiti. Huwezi kuhesabu arubaini ya mtu ambaye huenda yuko hai. Mmarekani Pauline Boss ameandika kwa miongo juu ya upotevu wa namna hii, ambapo mtu hayupo na wala hakuna anayeweza kusema kafa. Wafiwa hao hawalii kwa utaratibu. Leo wanakata tamaa, kesho wanapika cha ziada. Akisimama mmoja wao kizimbani akacheka katikati ya maelezo, msishangae na msimwandike vibaya.

Na wapo walionusurika, ambao wengine huulizwa kama mashahidi: ilikuwa siku gani, nani alikuwepo, alisema nini? Kumbukumbu ya mtu aliyepita katika mambo ya kutisha mara nyingi haiji kwa mpangilio wa saa. Anaweza kukumbuka rangi ya ndoo na harufu ya udongo, akasahau kama ilikuwa Jumatatu au Alhamisi. Anaweza kutoa maelezo mawili yanayopishana kwenye tarehe, yakalingana kwenye mambo ambayo hakuna mtu angeweza kumfundisha. Wakili mwerevu ataifanya tarehe kuwa kesi nzima. Kazi yangu hapo ni kueleza kwamba kupishana huko kunaonekana kwa watu wakweli. Sisemi kwamba kunathibitisha ukweli, kwa sababu mwongo naye hupishana. Naondoa tu uzito usiostahili, jaji aamue kwa ushahidi uliobaki.

Mpaka wa shahidi

Mnaona basi kwamba daktari anaweza kuwa na nguvu nyingi kupita kiasi. Mwaka 2002, mjini Houston, mama aliyewazamisha watoto wake watano akiwa na ugonjwa mkali wa akili baada ya uzazi alihukumiwa kifungo cha maisha. Daktari aliyeitwa na upande wa mashtaka alikuwa ameliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba kipindi fulani cha tamthilia ya televisheni kilionyesha kisa kama hicho muda mfupi kabla ya tukio, na mwendesha mashtaka akajenga hoja kwamba mama alipata wazo humo. Kipindi hicho hakikuwahi kuwepo. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ilifuta hukumu, na mwaka 2006 kesi iliposikilizwa upya, mama huyo alionekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, akapelekwa hospitali. Sentensi moja ya mtaalamu ilitosha kuivuruga kesi, kwa sababu ilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyefikiria kuhakiki maneno yake.

Kwa hiyo naandika taarifa zangu katika safu tatu: alichoniambia, nilichokiona, ninachokifikiri. Safu ya tatu ndiyo fupi. Kama mtu ana hatia, hilo si langu kusema.

Ninachoomba

Kwa polisi: kwenye maelezo ya mwanzo, andikeni mtu alichosema na alichofanya. "Hakuonyesha huzuni" ni maoni, na jalada si mahali pa maoni hayo. Naongeza jambo la haraka: mfiwa aliyejaribu kujiua anahitaji wodi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kuwa kifungu cha 226, kinachofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Tanzania kifungu cha 217 bado kipo kitabuni, na wabunge waliomo ukumbini wamenisikia.

Kwa mawakili: mkitaka kujua mteja ameumia kiasi gani, acheni kumwandaa alie. Mwulizeni nani anampikia, nani anawapeleka watoto shule, kazi aliacha lini na kwa nini, kisha mleteni anayeweza kuyathibitisha hayo.

Kwa familia: tanga likishaanuliwa, rudini. Mkiona mwenzenu anadidimia, mpelekeni kliniki mapema na mtunze kadi. Kadi ya hospitali ya wilaya iliyoandikwa mwezi wa pili baada ya msiba, hata kwa mwandiko mbaya, ina uzito mahakamani kuliko kurasa 20 nitakazoandika mimi miaka mitatu baadaye, na mwenye kadi hiyo huenda akapata tiba kabla hajanihitaji kabisa.

Niko tayari kwa maswali, na mawakili wasione haya kunidodosa. Nimezoea.